Bi Madoa na Nyota Iliyolipuka Pasipo na Kitu

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kukodolea macho vitu vilivyo mbali, mkaguzi wetu wa picha za anga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua yake ya ajira ina jina refu. Humu kituoni tunamwita Bi Madoa, na mwenyewe huitika.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kufanya. Kila asubuhi saa mbili aliweka picha mpya za darubini kando ya picha za zamani za sehemu ileile ya anga, akatafuta doa ambalo jana halikuwepo. Mengi yalikuwa vumbi kwenye kamera, satelaiti zinazopita, na safari moja mdudu aliyeingia pasipomhusu. Machache sana yalikuwa nyota zinazolipuka. Hizo aliziita misiba, na neno hilo lilimponza. Mwaka wake wa tatu kazini alimpigia dada yake simu akiwa barazani kwake, akapaza sauti kwa furaha: "Nimepata msiba mwingine, tena huu mkubwa!" Kabla ya saa sita majirani walikuwa wamejaa uani na viti vyao, na mumewe, fundi cherehani, yuko katikati anapokea pole bila kujua amefiwa na nani.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa doa la mwaka wake wa kumi na tisa kazini.

Wakati huo mimi ninayeandika haya nilikuwa nimemaliza kutengeneza programu ya kompyuta ya kuchuja picha, nikawa natembea kituoni kifua mbele. Ilikuwa na kanuni moja niliyojivunia: nyota hukaa ndani ya galaksi, kwa hiyo doa lisilo na galaksi karibu ni uchafu, litupwe. Bi Madoa alikuwa na tabia ya kupekua takataka za programu yangu huku akinywa chai. Humo akakuta doa la samawati, peke yake, mahali ambapo orodha zote zilionyesha patupu.

Akalipeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi akaniuliza mimi. Nikasema ni vumbi, wala sikuinua kichwa kuliangalia vizuri. Siku ya pili Bi Madoa akapanda mwenyewe kusafisha kamera, akasaini daftari la usafi. Siku ya tatu doa lilikuwa limeongezeka mwanga. Akaingia kwenye kikao cha wakuu bila kualikwa, kitambaa cha kufutia kikiwa bado mkononi.

"Mkurugenzi, ni vumbi gani hili linalozidi kung'aa kila nikilifuta?"

Mkurugenzi akamjibu kwamba pale hapana galaksi, basi hapawezi kuwa na nyota ya kulipuka.

"Kwani nyota lazima itoke ukoo unaojulikana ndipo tukubali imekufa?"

Kikao kizima kiliangua kicheko, isipokuwa mimi. Kisha kicheko kikaisha. Kituo kingine chenye darubini kubwa kuliko yetu, tulipokiuliza, kilikubali kulichunguza doa lile, mradi maombi yafike kabla ya saa kumi jioni. Lingekuwa vumbi, tusingepewa tena nafasi kwenye darubini yao mwaka mzima. Mkurugenzi alisita kusaini. Bi Madoa akasaini yeye, na chini ya saini akaandika kwamba likiwa vumbi, aachishwe kazi. Mumewe alipoambiwa alimuuliza kama kweli alifuta vizuri.

Majibu yalikuja Alhamisi. Lilikuwa kweli nyota iliyolipuka, ya aina adimu mno, iking'aa mara makumi zaidi ya milipuko ya kawaida. Na galaksi yake ilikuwepo muda wote, ila ndogo na hafifu hata tukaiona mwaka uliofuata tu, mlipuko ulipofifia. Baadaye tulijifunza kwamba ni katika vigalaksi kama hivyo, vyenye uhaba wa elementi nzito kama chuma, ndimo milipuko hii hutokea zaidi. Maana yake kanuni yangu ilikuwa ikitupa kilekile tulichoajiriwa kukitafuta. Bi Madoa alirudi kwenye takataka zangu akaibuka na madoa mengine matatu. Akayachapisha, akayapanga mezani kwangu kwa tarehe, akaenda zake. Bora angenigombeza.

Mkurugenzi alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Mimi nilimwomba jikoni, kwa sauti ya chini, birika likichemka, na sina hakika kama alisikia. Kwa hiyo naandika hapa, kila mtu asome: Bi Madoa, nilikosea. Kazi yangu imekuwa nzuri kwa sababu hukuniamini.

Tunakushukuru kwa macho yako, na zaidi kwa ubishi wako. Wewe na mumeo mlale mshibe usingizi, mcheke, mzeeke na afya zenu, na mkipita karibu mtubishie hodi. Maisha yawe mema kwenu.