Breki Hakuwa Mlevi

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, poleni. Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Mnisamehe sauti ikinikatika, maana mtu tunayemzika leo Jumamosi, Jumanne asubuhi alikuwa akiniuliza kama chai imeiva.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, kifungua mimba wa baba muuza nyama na mama mshonaji, katika nyumba yenye bucha mbele na vyumba nyuma. Baba alichinja kondoo uani. Mbwa walikula matumbo na maini yaliyotupwa, na kaka aliwakumbatia, akalala nao barazani. Mama alimfokea, "Hata kunawa hujui?" Yeye alicheka tu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980. Sekondari aliiachia kidato cha pili, baba alipofariki, akaingia gereji na baadaye akajifunza udereva. Mwaka 1991 aliajiriwa kuendesha basi la shule. Watoto ndio waliompa jina la Breki, kwa sababu alisimamisha gari taratibu mno, hata aliyesinzia hakuzinduka.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1994. Siku hiyo aliimba na kucheza hadi baba mkwe akapata wasiwasi, akamsogelea na kumnusa mdomo. Alikuta harufu ya soda ya chungwa. Pombe kaka hakuigusa maisha yake yote.

Ndiyo maana yaliyotokea Oktoba iliyopita yalituacha hoi. Alikuwa akichoka, ubavu wa kulia ukimuuma. Katika vipimo vya kazini ikaonekana ini limejaa mafuta kama la mlevi, na yeye mwembamba kama ufito. Palikuwa pia na uvimbe wa maji, wakasema huo hauna neno.

Meneja akamwita. "Mzee, sema ukweli. Unakunywa?"

"Sijawahi hata kuonja."

"Basi ini limelewa lenyewe?"

Akanyang'anywa funguo za basi. Maneno yakazagaa mtaani, wazazi waliokuwa wakimsalimia wakawa wanavuka barabara. Wifi yangu peke yake hakuyumba. "Karibu miaka thelathini nalala ubavuni mwake," alisema. "Hiyo pombe ingejificha wapi?"

Februari, daktari bingwa alitazama upya ule uvimbe. "Huyu ni mtoto wa tegu," akatuambia, "mnyoo wa mbwa. Tegu hajui kujitengenezea mafuta, huyachota kwa aliyemhifadhi. Ini linaloishi naye huvurugika: mafuta ambayo lingeyachoma au kuyasafirisha yanabaki yamerundikana humo. Na hukua polepole. Pengine anaye tangu utotoni."

Kaka ndiye aliyeongea kwanza. "Kwa hiyo, daktari, utawaambia si pombe?" Aliuliza hilo kabla ya kuuliza kama atapona.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, aliinama kufunga kamba za viatu, akashika ubavu, akasema, "Mama yangu!" Uso ukamvimba, pumzi ikambana. Ule mfuko ulikuwa umepasuka, na maji yake mwili haukuyahimili. Tulifika hospitali akiwa ameshatutoka. Hadi sasa akili yangu inakataa.

Juzi meneja alikuja msibani, akaelezwa alichosema daktari. Wifi akampelekea maji ya kunywa. Ndipo akasema, "Mama, nilipaswa kumwamini."

Wifi akamjibu, "Usiniambie mimi. Waambie wale uliowaambia."

Tunashukuru kwamba leo yupo hapa, na kwamba ameomba kuongea baada yangu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, mama yetu mzazi, na sisi wadogo zake wanne, ambao wiki ijayo tunakwenda wote kupimwa maini. Wenye mbwa, wapeni dawa ya minyoo, wanyimeni maini mabichi, na watoto wanawe mikono.

Kaka, Mungu akupe mapumziko mema. Na jina lako nalo tuliache lipumzike.