Mama Kifungo na Basi Lililouhama Mtaa

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Kifungo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 katika chumba cha uani, nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi bomba na mkewe.

Alisoma hadi darasa la sita. Baba alipofariki alitolewa shule, akapelekwa kwa shangazi aliyekuwa mshonaji. Kusoma hakukuacha. Magazeti ya kukatia vipimo vya nguo aliyasoma kwanza mpaka mwisho, ndipo akayatia mkasi.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika chumba cha nguo cha hospitali kuu, akishona mashuka na sare za wauguzi. Alikwenda kazini kwa basi lililoanzia kiwandani, likakatiza mtaani kwetu, likaishia getini mwa hospitali. Enzi hizo basi lilikuwa la watu. Dereva alijua nani bado anahangaika na kufuli la mlango, na alimngoja. Marehemu alikaa kiti cha nyuma ya dereva, sindano yenye uzi imechomekwa kwenye ukosi, na aliyepungukiwa kifungo aliketi ubavuni pake akashonewa shati likiwa mwilini. Wakikaribia tuta, mtu wa mbele aliita, "Sindano," na dereva alipunguza mwendo. Hakumchoma mtu hata mmoja.

Ndivyo alivyompata mumewe, seremala, ambaye kila wiki alipanda akiwa na kifungo pungufu.

"Kaka, wewe na hili shati mna ugomvi gani?"

"Si mimi, dada. Lenyewe ndilo halitaki mkono wa mtu mwingine."

Basi zima lilicheka. Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1976, wakajaliwa binti mmoja. Ni baada ya harusi ndipo bwana alipokiri kwamba vifungo alikuwa akivikata mwenyewe kwa patasi, kabla ya kutoka nyumbani.

Mwaka 2019 seremala alipatwa na kiharusi, akalazwa katika wodi ya wagonjwa wa muda mrefu ya hospitali ileile. Maneno yalimwishia; akabaki na nguvu za mkono wa kushoto. Marehemu, aliyekuwa amekwisha kustaafu, akarudi kwenye basi lake kila asubuhi. Alimkuta mumewe ameshanyofoa kifungo cha juu cha shati, amekifumba kiganjani. Alikaa kitandani, akakishona. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Jumatatu tarehe 6 Februari 2023, basi halikuja. Marehemu na majirani walikaa kituoni mpaka jua likawa kali, ndipo muuza magazeti alipowaambia, "Jamani, msijisumbue. Siku hizi linapita barabara kuu." Hakuna aliyekuwa ameuliza mtaa wala kuuaga. Tangu siku hiyo ikambidi atembee hadi barabara kuu, apande ngazi za daraja la waenda kwa miguu, apande basi hadi kituo kikuu, kisha ashuke angoje jingine. Muda wa kuwaona wagonjwa ulikwisha saa sita mchana. Mara nyingi alikuta geti limefungwa.

"Shikamoo, mama," mlinzi alimwambia. "Leo tena umechelewa. Na muuguzi anasema shati la mzee limebaki halina kifungo hata kimoja."

Moyo wake tayari ulikuwa mgonjwa, na daktari alikuwa amemkataza ngazi. Alikwenda ofisi ya mabasi, miguu imevimba. Karani akamweleza kwamba njia mpya inawafaa abiria wengi.

"Sikatai, mwanangu," marehemu alisema. "Ila mimi ninayemfuata ni mmoja, na hawezi kunifuata."

Akapewa kiti na maji ya kunywa. Basi halikurudi.

Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023, asubuhi, aliketi kwenye ngazi za lile daraja kama anayepumzika. Watu walimpita, kila mmoja akiwahi lake. Katika basi la zamani, kiti chake kitupu kingeuliziwa kabla gari halijaondoka. Muuza magazeti ndiye aliyemgusa bega, akakuta amekwisha kutuacha. Sindano ilikuwa ukosini, imeshatungwa uzi mweupe.

Ameacha mume, binti, wajukuu watatu, kaka wawili, na abiria wenzake wasio na pa kukutania tena. Jana mumewe alijaribishwa shati jipya la maziko haya. Alinyofoa kifungo cha juu, akakifumba kiganjani, akautazama mlango. Bado anacho. Hakuna aliyethubutu kumfumbua mkono.

Apumzike dada yetu, na asishushwe tena mbali na anakokwenda.