Nilifungwa Kamba Kwenye Birika la Bi Zuhura

Bwana asifiwe, kanisa! Nasema, Bwana asifiwe! Naam, hapo nimewasikia. Mara ya kwanza mliitikia kama watu wanaomwamkia mgonjwa, na mimi si mgonjwa tena, ndiyo maana nimesimama hapa mbele kwa miguu yangu miwili.

Kwa wasionijua, mimi ni Karisa, fundi wa kamba pale Liwatoni. Mashua ikikatikiwa na kamba, mimi ndiye huletewa niiunge, na kazi hiyo nimeifanya tangu ndevu hazijaniota. Na yule pale benchi la tatu, mwenye kitambaa cha kijani, ni mke wangu Dama. Mama, usiiname, wacha wakuone. Ushuhuda huu nusu yake ni wako.

Ndugu zangu, nianze na ubaya wangu, maana mtu akianza na mazuri yake huyo hajaokoka bado. Mimi nilikuwa jeuri. Jeuri ya mwili. Ujanani nilikuwa nikijitupa majini pale Liwatoni, naogelea mpaka ng'ambo, narudi, nikifika nadai chai. Hadithi hiyo nimeisimulia miaka mingi hata vijana wa kazini wakiniona nafungua mdomo wanaimalizia wao. Ugonjwa niliuona ni mambo ya watu wazembe. Mwenzangu akisema kiuno kinamuuma, namcheka. Mungu anisamehe!

Basi siku moja nikainama kuinua kamba iliyolowa maji, kazi ya kila siku, wala haikuwa nzito kuliko nyingine. Nikasikia kiunoni: tah! Nikabaki vile vile nimeinama, siwezi kwenda juu wala chini. Walinibeba wale wale niliokuwa nawacheka.

Ndugu zangu, kuanzia hapo mguu wa kushoto ukaingia ganzi. Ukiufinya sijui. Kusimama nikisimamishwa nasimama, nashika ukuta, najikokota. Lakini kuinuka kutoka kitandani peke yangu, hapana. Kila asubuhi Dama anachuchumaa mbele yangu, anafumba macho, ananyosha shingo. Mimi naizungusha mikono shingoni mwake, yeye anasema, "Kwa jina la Yesu," halafu ananiinua. Mtazameni alivyo! Ananifika hapa kwapani. Akishaniinua ananikalisha kwenye kiti, anashuka zile ngazi za nyumba yetu Ganjoni, anakwenda Mji wa Kale kupika kwa mwajiri wake, Bi Zuhura. Jioni anarudi kuninyanyua tena.

Siku moja nikamwona amenipa mgongo, anajipaka mafuta ya kuchua mabegani. Siku nyingine sufuria likamponyoka mkononi, akakaa chini akaitazama mikono yake kama si yake. Moyoni nilijua: huyu mama anaisha, na akiisha huyu, mimi sina mwingine wa kuniinua.

Daktari akanipiga picha ya mgongo, akanieleza bila kunificha. Akasema nifanye mazoezi ndani ya maji miezi mitatu, kwa sababu majini mwili hauna uzito. Yasiponisaidia, nipasuliwe, na akinipasua hawezi kuniahidi kwamba mguu utarudi. Nikamwambia, "Basi vizuri, naenda baharini." Akasema baharini sitii mguu, wimbi moja tu likinipinda nimekwisha.

Sasa nitaogelea wapi? Kwenye beseni?

Ndipo Dama akasema, "Kwa Bi Zuhura kuna birika."

Ndugu zangu, Bi Zuhura ni mama wa Kiislamu, mtu mzima aliyenizidi umri mbali, na nyumba yao ni zile za kale za mawe ya matumbawe. Ndani, uwanjani katikati ya nyumba, wazee wake walijenga birika la kukingia maji ya mvua. Sasa limetiwa vigae na vidaraja vya kuteremkia, maji yake masafi, yananifika kifuani, na urefu wake ni hatua zangu nne. Nne! Ukijisukuma kwa nguvu, kabla hujapiga mkono wa pili umegonga ukuta. Lakini Bi Zuhura alipovunjika nyonga, mpwa wake alimletea kifaa, na kwa kifaa hicho mama yule aliogelea kila siku humo humo mpaka akatupa magongo mawili akabaki na fimbo moja.

Ngoja niwaeleze kifaa chenyewe, maana nimekipenda kuliko nilivyowahi kupenda chombo chochote cha kazi. Ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu, ndani una kitu laini, unaufunga kiunoni. Nyuma ya mkanda pana kamba ya mpira, unene wake kama kidole gumba, na mwisho wa kamba umefungwa kwenye pete ya chuma ukutani. Basi! Hakina injini, hakina umeme. Unalala juu ya maji, unaogelea, mpira unavutika, unafika mahali nguvu zako na nguvu za mpira zinalingana, unabaki hapo hapo. Unaogelea saa nzima na hujaondoka ulipo. Aliyefikiria jambo hili, ndugu zangu, Mungu alimpa akili, na ningemjua ningemsalimu kwa mikono miwili.

Lakini leo ndiyo nasema hivyo. Siku ile ya kwanza nilisema nini? Nilikasirika! Mimi Karisa, niliyevuka mpaka ng'ambo, nifungwe kiunoni kama mbuzi, kwenye birika la mwanamke, niogelee bila kwenda popote? Nikamwambia Dama, "Huu ni mchezo wa watoto." Dama akanijibu, "Basi leo utacheza." Tukaenda.

Nyumba ile ina heshima zake. Haifai Bi Zuhura akae anatazama mwanamume aliyevua shati. Kwa hiyo nikifika, tukishasalimiana, yeye anapanda juu, anafunga madirisha yanayotazama uwanjani, anaketi nyuma yake. Dama ndiye anayekaa nami kwenye kigoda. Na amini usiamini, yule mama alinifundisha kutoka huko juu bila kuniona, kwa kusikiliza maji tu! Naanza kupiga mikono, sauti inashuka dirishani kwa Kimvita chake: "Bwana Karisa! Wapigana na nani? Maji hayakukukosea!" Nikipunguza kwa kuchoka: "Haya, wasinzia sasa." Dama anaziba mdomo kwa leso asicheke.

Nilikasirika zaidi. Na hapa ndipo shetani alipopata mlango, akapita kwenye ufundi wangu.

Kwa kazi yetu, kamba inayovutika ni kamba mbovu. Hiyo unaitupa, itakuja kuua mtu. Kila nikiogelea, vidole vinakaribia ukuta wa mbele, umebaki upana wa kiganja, mpira unanirudisha. Nikajiambia, nimefungwa na kamba mbovu ndiyo maana. Siku ya nne nikabeba kwenye mfuko kamba yangu kutoka Liwatoni, ile ngumu isiyovutika hata unywele, ncha zake nimezisuka mwenyewe kwa ufundi. Nilikuwa nimeipima vizuri, vidole vifike ukutani. Dama alipopanda kumpelekea Bi Zuhura chai, nikafungua ya mpira, nikafunga yangu. Nikaitazama nikaona, eh, sasa hiki ni kifaa!

Ndugu zangu, nilijisukuma kwa nguvu zote za ujana nilizokuwa nazo na zile nisizokuwa nazo. Lakini nilikuwa nimeipima kwa macho tu nikiwa nimesimama, na maji hudanganya macho. Kamba ilikwisha kabla ya ukuta. Ikanikata kiunoni kama mtu aliyeshikwa ghafla kwa nyuma. Ile tah! ya Liwatoni ikarudi mara mbili. Miguu yote ikapotea. Nikabaki kifudifudi, maji ya kifuani tu, nikashindwa kuinua kichwa. Mimi wa kuvuka mpaka ng'ambo, nazama kwenye birika la hatua nne!

Hapana mtu aliyekuwa ananiona. Lakini juu kulikuwa na mama anayesikiliza. Dama ananiambia kwamba Bi Zuhura alikuwa ameinua kikombe, akakiweka chini, akasema, "Dama, maji yamenyamaa." Kisha akapiga ukelele: "Mbiyo, Dama! Maji yamenyamaa!"

Dama hajui kuogelea. Katika maisha yake hajawahi kuingia maji yaliyopita magoti, anaogopa hata tope. Alishuka ngazi zile sijui alizirukaje, akajitupa na nguo zake zote, akanishika shingoni, akasema lile neno lake la kila asubuhi. "Kwa jina la Yesu!" Akaniinua. Haleluya!

Nilipofungua macho nimelala sakafuni, natapika maji. Dama amekaa pembeni, leso inachuruzika, mkono mmoja ameushika begani kwa maumivu. Bi Zuhura ameshanifunika kanga, amesimama na fimbo yake. Akaigusa ile kamba kwa ncha ya fimbo. Akasema, "Hii si kamba yangu."

Dama akaitazama kamba, akaijua, maana kazi ya mikono yangu anaijua. Akaanza kulia, na katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia analia vile. Akasema, "Karisa, nitakuinua mpaka lini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipookoka! Nilibatizwa zamani, ndiyo, lakini nilivunjika siku ile, pale sakafuni. Nanyi mlikuwa mmeniombea, mkaja mkanipaka mafuta, nami nilikuwa namngoja Mungu aje kwa kishindo. Yeye alikuwa ameshaniletea mkanda na kipande cha mpira, nami nikavifungua nikafunga vyangu. Nikasema kwa sauti mbele ya wale mama wawili, "Bwana, siku zote nakuletea kamba yangu. Nisamehe. Leo nimeiacha."

Nilitegemea Bi Zuhura atanionyesha mlango. Angekuwa na haki. Yeye akasema, "Ukipata nafuu, ndoo. Na ile yako iwate Liwatoni." Yaani nije tena, na kamba yangu niiache huko huko.

Nikalala wiki mbili, Dama ananiinua kwa bega moja. Daktari akanigombeza mpaka wauguzi wakaja kuchungulia, kisha akasema nijaribu tena, polepole. Nikarudi. Dama akanifunga mkanda kwa mikono yake. Nikalala juu ya maji, sikutafuta ukuta. Nikapiga mkono mmoja, nikapumua, nikapiga wa pili. Mpira ukavutika taratibu, ukanishika kiunoni kama mkono wa mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. Nikichoka unanirudisha bila kunidhuru. Nikipata nguvu unaniachia kidogo. Kumbe kile nilichokiita ubovu ndicho kilichokuwa dawa! Kutoka juu sikusikia neno. Nikaendelea kuogelea, nikifikiri amesinzia. Kisha sauti ikashuka dirishani: "Naam. Sasa waogelea."

Nililia ndani ya maji, na uzuri wa kulia majini hakuna anayejua.

Wiki zikapita. Siku moja daktari akanichoma unyayo wa kushoto kwa kitu chenye ncha, nikapiga kelele, "Aah!" Akachoma tena, nikapiga kelele tena. Nikamkumbatia! Hajaona mgonjwa anayefurahi hivyo kwa kuchomwa. Akasema kisu kingoje, niendelee na maji.

Na asubuhi moja, ndugu zangu, Dama akaja kitandani kama kawaida yake. Akachuchumaa, akafumba macho, akanyosha shingo, akangoja mikono yangu. Akangoja. Haikuja. Akasema, "Kwa jina la Yesu," akafungua macho, kitanda kitupu. Akageuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nyuma yake, sijashika ukuta wala mlango, nimebeba kikombe chake cha chai. Alibaki amechuchumaa vile vile, akaweka kichwa chake kitandani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Zuhura, ambaye nilimwomba ruhusa ya kumtaja hapa akasema, "Nitaje, lakini usinizidishie." Sijamzidishia. Amesema hivi: aliye na mgongo au goti au nyonga, amwone daktari wake kwanza, kisha aje kubisha hodi, mkanda upo na maji yapo. Wanaume wakija, yeye atakuwa juu anasikiliza. Na wewe uliyekuja leo na kamba yako mfukoni, unajijua. Umeipima mwenyewe na unaiona nzuri. Nakuomba, ndugu yangu, iache. Mwamini huyu Mungu anayekushika bila kukukata.

Nimemaliza. Mchungaji ataniambia tusimame kwa maombi, nanyi nyote simameni. Ila wewe Dama, kaa hapo hapo, usijisumbue. Nashuka kuja kwako. Nyosha mikono, mama, uizungushe shingoni mwangu. Leo nakuinua mimi.