Mwalimu Blandina Songoro na Kabati la Vitabu

Ndugu waombolezaji, marehemu Mwalimu Blandina Songoro alizaliwa Mbweni tarehe 12 Machi 1921, mtoto wa pili wa Mzee Songoro, mpishi wa misheni, na Bi Tabitha, akasoma hapo hapo Mbweni, akafuzu ualimu mwaka 1940, na tangu hapo hakujua kazi nyingine ila chaki na watoto.

Tarehe 6 Januari 1945 alifunga ndoa Mkunazini na Bwana Yohana Mabruki, seremala, wakajaaliwa watoto wawili, Daudi na Monika, tulio nao hapa.

Katika shule ya mjini alikofundisha, alipenda kuwasimulia watoto wakubwa riwaya moja ya Kizungu, kisa cha nchi ambayo askari huvunja milango wakitafuta vitabu, na miaka hiyo wote walicheka, wakaona ni porojo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 hakuna aliyecheka tena, na mwalimu mwenzake, Bwana Hasan Ame, akawa akimtania kuwa Mzungu wake yule alikuwa mpiga ramli hodari, naye akimjibu kwa upole kuwa ramli ile ilikwenda kombo, maana mwandishi aliwaona askari, lakini sisi hakutuona.

Alikuwa na maana yake, kwani mwezi wa Mei 1967, kabla haijaja barua ya kuvikataza wala askari wa kuvitafuta, walimu wenyewe walivitoa vitabu katika kabati la shule, wakavifunga kamba, wakaviondosha, wakakubaliana kuwaambia watoto kuwa vimeliwa na mchwa. Darasa la saba walipomwuliza, Mwalimu Blandina, akijua riziki ya nyumba yake imo katika jibu hilo, aliwaambia kuwa mchwa wanasingiziwa bure, vitabu vimeondolewa na watu wazima walioogopa.

Mwezi haukwisha akahamishiwa Bwejuu, na katika chumba cha walimu hakuna aliyemuaga. Huko alipanga kwa Bi Kazija, akafundisha miaka mitatu watoto waliokwisha kukanywa na wazazi wao wasimwulize kitu, na hilo, alisema, lilimchosha kuliko safari.

Alirudi mjini mwaka 1970, miguu imevimba, moyo umedhoofu, akafariki hospitali alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Juni 1971.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, Bi Kazija na watu wa Bwejuu waliokuja kwa lori la nazi, na walimu wenzake, waliofika leo na walioshindwa kufika, ambao marehemu alituusia tusiwaulize sababu.

Mwalimu, darasa limekwisha, nasi tunakuaga, pumzika kwa amani.