Jina Refu la Mama Shali

Jirani yetu wa mlango wa pili alimuuliza Mama siku moja wakianika nguo: "Hivi wewe, watoto wa mtaa mzima umewatafutia majina, mbona lako hujampa hata mjukuu mmoja?" Mama alikuwa na kibanio mdomoni. Akakitoa, akamjibu, "Wa watu nawashauri. Wangu nawaonea huruma." Wakacheka, wakaendelea kuanika. Naanza na hilo kwa sababu swali lile lilikaa nyumbani kwetu miaka mingi, na Mungu kwa wema wake alimpa Mama nafasi ya kulijibu kabla ya kumchukua.

Jina lake lote limeandikwa juu ya ratiba mliyoshika. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nitamwita Mama tu.

Mama alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita. Bibi yake alikuwa amefariki wiki mbili kabla, kwa hiyo jina halikujadiliwa, alipewa la bibi. Hata wakati ule lilikuwa jina la wazee. Kanisani walikuwa nalo watatu, na wote walitembea na mikongojo.

Alianza shule ya msingi Januari 1957. Siku ya kwanza mwalimu alipoita jina lake kutoka kwenye daftari, wenzake waligeuka kutazama mlangoni, wakidhani kuna mzee ameingia. Kuanzia siku hiyo wakamwita Bi Kizee. "Bi Kizee, mkongojo umeuacha wapi?" "Bi Kizee, tukushike mkono?" Alirudi nyumbani analia, akitaka abadilishiwe. Mama yake akamwambia, "Ni kama gauni, nimelikata kubwa makusudi. Wewe kua kwanza." Mama hakungoja kukua. Alilikata mwenyewe, akabaki na kipande cha mwisho tu, akawa Tika. Alimaliza shule mwaka 1964 akiwa Tika, akaenda kwa masista kujifunza ushonaji miaka miwili akiwa Tika.

Tarehe 2 Februari 1967 aliajiriwa katika duka la kushona lililotazamana na wodi ya wazazi, na hapo alifanya kazi miaka arobaini na mmoja, kiti kilekile, dirisha lilelile. Kazi yake ilikuwa kudarizi majina ya watoto wachanga kwenye shali zao. Ndiyo maana wengi wenu mnamjua kama Mama Shali.

Hakukubali kutunga uzi mpaka amelipima jina. Alimtoa mzazi nje, amsimamishe mlangoni, amwambie aliite kwa sauti mara tatu: mara ya kwanza kama anamwita mtoto aje kula, mara ya pili kama mtoto amevunja sahani, mara ya tatu kama karani anavyoita watu kwenye foleni. Wapita njia walisimama kutazama. Mama alisikiliza, halafu akasema ni kipande gani watu watakimega. "Huyu watamwita hivi, mkitaka msitake. Mnakipenda?" Wengine walirudi nyumbani kufikiri upya. Baba mmoja aliliita jina alilolichagua mara ya pili, ile ya ukali, akashindwa kumalizia, pumzi ikamwishia. Mama akamwambia, "Baba, huyu atavunja sahani zote kabla hujafika mwisho."

Kosa moja alilifanya mwaka 1974, na alilisimulia mwenyewe bila kuficha. Mume na mke walimletea jina la marehemu babu wa mtoto, refu sana. Mke akamnong'oneza Mama adarizi kifupi chake tu, na Mama akafanya hivyo. Wiki iliyofuata mama mkwe akaingia dukani na shali mkononi. "Binti, mume wangu umemkata kichwa." Mama hakujitetea. Alimpa kiti, akaketi mbele yake, akafumua herufi moja moja, kisha akadarizi jina lote, likapita pembeni mwa shali mpaka likakunja kona. Kazi ilichukua siku mbili, na yule mama alikuja siku zote mbili kusimamia. Tangu hapo jina lote Mama aliliweka nje, kwa herufi kubwa. Kifupi akakiweka kona ya ndani, kwa herufi ndogo, pale panapoonwa na anayemfunika mtoto tu.

Mama alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1970 na fundi saa aliyekuwa na meza yake mtaa uleule. Baba alimposa Tika. Padri alipotangaza ndoa Jumapili ya kwanza na kusoma jina zima la bibi harusi, Baba alisimama kanisani akasema, "Samahani, Padri, huyo simjui." Watu walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza. Walipotoka nje Mama alikuwa amenuna. "Mwaka mzima umekaa na mimi, hukuniuliza?" Baba akamjibu, "Ningejuaje kama kuna lililobaki?" Waliishi kwa amani miaka ishirini na minane, mpaka Baba alipofariki mwaka 1998. Mungu aliwajalia watoto watatu, na sote tulipewa majina mafupi. Wajukuu nao vivyo hivyo.

Macho yalipochoka, mwaka 2008, aliacha kazi ya dukani, ila shali za ukoo aliendelea kuzishona nyumbani. Jumuiya yetu aliitumikia bila kuhesabu siku, na rozari yake haikukaa mbali na sindano zake.

Novemba 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wakaona moyo umepanuka. Alitumia dawa kwa utii, lakini tarehe 4 Septemba 2023 alilazwa. Wiki ile binti yangu, mjukuu wake, akiwa na ujauzito wa miezi minane, alikaa kando ya kitanda akamwambia, "Bibi, kipimo kinasema ni wa kike. Nataka jina lako."

"Tika?"

"Hapana. Lote."

Mama alikataa. "Nilichekwa, mjukuu wangu. Sitaki naye achekwe."

"Nani atamcheka, Bibi? Darasa la mdogo wangu lina watoto wanne wa jina moja. Mwalimu anawaita kwa namba."

"Kwa namba!" Mama akasikitika kweli. Akauliza, "Na watamfupisha vipi?"

"Labda Kola."

"Hiyo soda." Kisha akamwambia, "Haya, simama mlangoni, tulipime."

Binti yangu na tumbo lake akaenda mpaka mlango wa wodi, akaliita jina lote, kama anayemwita mtoto aje kula. Mama alikuwa amefumba macho kusikiliza. Akaitika, "Abee!" Aliitika kwa sauti ambayo hatukujua bado anayo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Muuguzi akaja na sinia la dawa akauliza, "Nani ameitwa hapa?" Mama akasema, "Mimi." Halafu machozi yakamtoka, akatuambia, "Tangu mama yangu afe hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa nimesahau kwamba ni tamu." Mara ya pili na ya tatu hazikuitwa.

Mama alifariki Jumanne tarehe 19 Septemba 2023, saa tano asubuhi, akiwa amepokea sakramenti, nasi watoto wake tukiwapo.

Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na kitukuu anayetarajiwa mwezi ujao. Tunamshukuru Bwana aliyetupa mama huyu kwa miaka sabini na minne. Ampokee, ampumzishe katika amani yake.

Siku ile wodini, muuguzi alipokwisha kutoa dawa, Mama alimshika mkono mjukuu wake na kuomba hivi. Nayasoma maneno yake kama alivyoyasema, ili sote tuliopo tuwe mashahidi:

"Mpeni. Mkitaka kumfupisha, mfupisheni. Ila kila siku, hata mara moja tu, mtu mmoja amwite lote."