Kibali cha Kuruka

Kifuniko cha birika kiligongagonga gizani. Fundi cherehani aliinuka kuliepua, akamvalisha bintiye angali anasinzia, wakawahi treni ya alfajiri. Mbele yao walikaa watu wawili wasiojuana: dada wa wizarani mwenye faili nene kama tofali, na baba mmoja wa mabega mapana, aliyewahi kuruka angani mwenyewe, bila ndege, akiokoa watu.

"Sheria inawalinda wananchi, kaka," alisema yule dada. "Mlikuwa mnatua ovyo, kuta za watu zinabomoka. Ndiyo maana mnatakiwa mpige simu kwanza, mpewe kibali."

"Nilipiga, dada yangu. Mafuriko yanapanda, mtoto yuko juu ya paa, naambiwa nisubiri, mkubwa yuko kikaoni. Mtoto ananipungia mkono, anadhani namtania."

"Si ungeruka tu!"

"Leo ndiyo unaniambia?"

Dada aligeukia dirisha, ingawa nje hakukuwa na cha kutazama. "Nasema kama mzazi," alijibu kwa sauti ndogo.

Fundi alimkumbatia bintiye, akitamani sheria hiyo iandikwe upya na mtu aliyewahi kuita msaada. Treni ikasimama. Yule baba alipoinuka ashuke, binti akamwuliza kwa sauti:

"Mjomba, yule mtoto alipona?"