Koti la Chama na Zulia la Mama Hulda

Mama Hulda Chepkorir alianza kushona magunia katika ghala letu la mahindi hapa Eldoret mwaka wa 1948, na Jumamosi tarehe 31 Desemba, 1977, ataiweka sindano yake mezani kwa mara ya mwisho. Katika miaka hiyo ishirini na tisa mameneja wengi wamekuja na kwenda. Mama Hulda aliwashonea wote magunia yale yale, na kila mmoja aliandika kwamba chini yake ghala liliboreka sana.

Ufundi uliomfanya ajulikane hadi Moi's Bridge haukuwa katika mkataba wake. Alijifunza kuvuta mazulia ya matambara kwa mke wa meneja mmoja wa zamani, ambaye mwaka wa 1963 alifunga mizigo akarudi kwao. Alimwachia Hulda kulabu moja, fremu ya mbao, na zulia la picha ya mbwa lililokuwa limefika shingoni. Hulda hakuwahi kumpenda yule mbwa. Alimalizia kwa kichwa cha ng'ombe.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe ni hii: gunia kuukuu linawambwa kwenye fremu, nguo zilizochakaa zinakatwa vipande vyembamba, kisha kulabu inatoboa kutoka juu na kuvuta kitambaa kilicho chini, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka gunia lisionekane tena. Magunia tulikuwa nayo. Kulabu tulizitengeneza kwa spoki za baiskeli. Nguo zilizochakaa tulikuwa tumezivaa.

Wa kwanza kufundishwa alikuwa binti yake, Rael, ambaye sasa ni mwalimu na huvuta mistari iliyonyooka kama ya daftari. Rael humwambia mama yake mbele ya watu kwamba ng'ombe wake wameinama. Mama Hulda hujibu kwamba ng'ombe wa kilimani husimama hivyo. Baadaye tukaingia sisi wengine, kila Jumatano saa ya chakula cha mchana. Warigia, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alikuja kuuliza bei ya magunia matupu na hajaondoka tangu siku hiyo. Macharia wa mizani alisema yeye anatazama tu. Ametazama mpaka nyumba yake imejaa mazulia.

Kikundi kilikuwa na sheria moja. Nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na msumari, na nguo yoyote iliyotundikwa hapo ilikuwa tambara, ruhusa kukatwa. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

Hapa inafaa kueleza jambo lisilochekesha. Nyumba za kampuni zina sharti: siku ya kustaafu ndiyo siku ya kurudisha ufunguo. Mama Hulda alikuwa mjane asiye na kipande cha ardhi popote. Aliwahi kuona wenzake wakipakia vitanda kwenye mkokoteni na kusimama langoni, wasijue waelekee kulia au kushoto. Jambo hilo lilimtia hofu, naye hakulificha. Kwa hiyo wafanyakazi walipounda chama cha kununua shamba la mzungu upande wa Kiplombe, alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza.

Chama kilikuwa na katiba, kamati, na koti. Koti lilinunuliwa mnadani, la sufu, rangi ya kijivu, kwa sababu iliaminika kwamba hakuna mtu angemuuzia shamba mwanamume mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Aliyekwenda kusema kwa niaba ya chama ndiye aliyelivaa. Mwenyekiti, Mzee Kipyego, mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko. Katibu, ambaye ni Macharia, ilimfunika vidole. Wote wawili walishikilia kwamba linawakaa.

Mwaka wa 1970, wiki ambayo mkataba ungetiwa sahihi, Macharia alirudi kutoka kwa wakili akiwa na haraka ya kupima lori. Alilitundika koti kwenye msumari wa kwanza aliouona.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mama Hulda alikuwa na zulia la ng'ombe lililokosa mawingu tu. Alilishika lile koti, akasifu moyo wa aliyelitoa, akachukua makasi. Kufikia jioni mawingu yalikuwa yamekamilika, na ni kweli kwamba yalifanana sana na ya hapa kwetu mwezi wa Julai.

Kamati iliitisha mkutano wa dharura. Mama Hulda alijitetea kwa maneno machache: "Si lilikuwa kwa msumari?" Kamati ilipekua katiba yote; msumari haukutajwa popote. Hata hivyo usiku ule hakulala, kwa sababu kikundi kingine kilitaka shamba hilo hilo, na wakili alikuwa amesema wazi kwamba watakaotangulia kutia sahihi ndio watakaouziwa. Asubuhi alitoa uamuzi wake: chama kilipitisha koti liende, basi koti litaenda. Alilikunja zulia, akaliweka kwapani, akafuatana na kamati.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kile kikundi kingine kilikuwa kimetangulia, wote wamevaa makoti, wamesimama nje wakikwangua viatu kwa vijiti, kwani karani wa mlangoni alikuwa amekataa kabisa: "Hapa hakuna kuingia na matope!" Mama Hulda alilitandaza zulia kizingitini. Mzee Kipyego alifuta miguu kwenye mawingu, akafuata Macharia, kisha kamati nzima. Wakaingia wakiwa na sweta zao, wakatia sahihi. Wakili hakuinua macho kutazama nguo ya mtu yeyote.

Tangu siku hiyo zulia hilo linaitwa Koti, na hakuna mkutano wa chama unaofunguliwa kabla ya kila mtu kulikanyaga.

Wiki hii msumari wa stoo umejaa. Tuliona ni vyema Mama asiende Kiplombe bila matambara. Jana Macharia alitundika koti lake la harusi, halijatoboka popote. Mama Hulda alimuuliza mara mbili kama amekosea msumari. Macharia alisema hapana, kisha akatoka haraka kwenda kupima lori ambalo halikuwepo.

Asante, Mama Hulda. Umetufunza kazi, na pengo lako hatutaliziba kwa gunia. Ufunguo wa kampuni urudishe. Ule wa nyumba uliyojenga katika shamba la chama uweke mfukoni. Kaa kwa amani Kiplombe. Tukija kukutembelea, Koti likiwa mlangoni, tutafuta miguu.

Joash, karani wa ghala, kwa niaba ya wafanyakazi wote